Gia ya Tatu, Mteremko wa Nyakahita

Nairobi, 3 Februari 2024

Shangazi Mackrine,

Shikamoo. Na shikamoo tena, maana ya kwanza najua umeipokea umesimama pale ofisi ya usharika, hii ya pili ipokee umekaa. Mimi mzima kabisa. Mgongo unasemaje? Na yule mbuzi mwenye pembe moja bado anakula kanga za watu? Msalimie Yustus wa pikipiki, mwambie helmeti ninayovaa huku inafunika mpaka kidevu, siyo lile sufuria analovaa yeye.

Ulisema nikuandikie, nisipige, eti kwenye simu nasema "poa poa" halafu nakata. Haya, naandika. Ila ukisahihisha kwa kalamu nyekundu usinirudishie, shule nilishamaliza.

Shangazi, NIMEENDESHA! Siyo kuosha. Siyo kubadilisha oili. Nimekaa kwenye kiti mwenyewe, mikanda imenibana kifua mpaka napumua kwa awamu, nikapiga raundi sita kwenye uwanja wa mbio za magari. Uwanja wenyewe ni barabara ya lami inayojizungusha, kilomita mbili tu, kona kumi. Najua utauliza, "Sasa mnakwenda wapi?" Hatuendi popote, Shangazi. Tunarudi tulipotoka, ila haraka.

Gari lina miaka mingi kuliko mimi. Ndani wameng'oa kila kitu, viti, redio, hata kitambaa cha dari, kimebaki chuma na kiti kimoja. Gia ni za mkono, tano. Wenzangu wengi huku wamezoea magari yanayojibadilishia yenyewe, wakiona kirungu cha gia wanakitazama kama nyoka. Mimi nilikishika tu nikacheka. Nilikuwa na miaka saba nikibadilisha gia kwenye lori la Baba, unakumbuka? Nimekaa katikati, Baba anakanyaga klachi anasema "tatu!", mimi nasukuma kwa mikono yote miwili. "Nne!" Navuta. Watu wa Mabira wanatucheka, "Polikarpi, umekosa utingo mpaka unabeba mtoto wa kike?" Anawajibu huku anacheka, "Huyu ndiye utingo, nyie ni mizigo."

Sasa kuna tatizo moja dogo. Mwalimu wetu ni Mzee Niyonsaba, Mrundi, mzee mfupi ana sauti kama honi. Ujana wake alichuma kahawa kwetu, pale Kanoni, kwa hiyo ananiita kwa kabila letu, Mnyambo. Baada ya kona ya nne uwanja unashuka, mteremko mkali, chini kuna kona ya kushoto. Pale unatakiwa utoke gia ya nne uingie ya tatu, injini ikusaidie kushika gari. Mimi mkono unatoka nne, unafika katikati, unalala hapo hapo. Frii. Gari halijashika gia yoyote, linaserereka tu kama gogo. Raundi zote sita! Na wala sijui kama nimefanya.

Mzee akanifuata mbio. "We Mnyambo! Nani kakufundisha kuiba mafuta?"

Nikamwambia, "Baba yangu. Gari likishuka lenyewe, mafuta ni yako."

Hakucheka. Akaniuliza baba yuko wapi. Nikasema breki zilimkatikia. Akaenda kukagua tairi ambazo alishazikagua.

Nijibu haraka.

Mwanao Ainebyona


Mabira, 9 Machi 2024

Mwanangu Ainebyona,

Marahaba zote mbili nimezipokea nimekaa. Barua yako imechelewa kwa sababu katibu wa usharika aliiweka ndani ya kitabu cha nyimbo akaisahau, mpaka Jumapili ilipoimbwa namba ile. Huyo ndiye tunayemkabidhi sadaka.

Mgongo ni ule ule. Mbuzi tumemuuza kwa mtu wa Kihanga asiye na kanga. Mnyauko umeingia kwenye migomba ya jirani Anatolia, amekata mashina arobaini, anapita njiani kama mtu aliyefiwa. Kwetu bado, namshukuru Mungu, ila kila asubuhi nazunguka kibanja changu cha migomba kukagua majani. Kahawa imechanua. Mama yako alituma salamu kutoka Bukoba, anasema ukipata nafasi mpigie.

Wiki iliyopita nilikwenda Kayanga kufuata dawa. Yustus alinipeleka. Juu ya mteremko wa Nyakahita nilishuka kama kawaida yangu, nikatembea kwa miguu mpaka chini, yeye akanitangulia na kikapu. Nilipofika alikuwa ameshalala juu ya pikipiki. Akasema, "Mwalimu, miaka kumi na moja nakusubiri hapa chini. Ningekuwa nalima mahali hapa ningekuwa nimevuna." Nikamwambia avune adabu kwanza.

Umefurahi, nami nimefurahi kwa kuwa umefurahi. Kula vizuri. Usiendeshe na njaa.

Kuhusu gia mimi sijui kitu. Breki zilikatika. Nilikwambia hivyo ukiwa na miaka kumi, na hilo halijabadilika.

Shangazi yako, Mackrine


Nairobi, 31 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Pasaka. Najua leo umevaa lile gauni la zambarau na umeimba kuizidi kwaya. Mpe pole Anatolia. Huku mvua inapiga, uwanja umekuwa kama umepakwa sabuni, hatuendeshi, ndiyo maana nina muda.

Kwanza mazuri. Nimetoka dakika moja na sekunde ishirini na sita mpaka ishirini kamili! Sekunde sita, Shangazi, huku sekunde sita ni kama kutoka Mabira mpaka Bukoba. Nimejifunza kukanyaga breki kwa vidole na kugusa mafuta kwa kisigino cha mguu uleule, ili gia iingie bila kugutuka. Hakuna aliyenionyesha, nimeangalia kwenye simu, nikafanya mazoezi kwenye stuli jikoni mpaka mpangaji mwenzangu Costansia akaniuliza kama nina kifafa. Tarehe 24 Agosti, Jumamosi, watachagua mmoja wa kuendesha mashindanoni msimu mzima. Tumebaki wawili, mimi na Celestin, kijana wa Kigali, mtulivu kama maji ya mtungi. Raundi kumi kila mtu. Shangazi, nakitaka kile kiti mpaka nakiota.

Sasa mabaya. Jumanne nilizunguka na gari. Mteremko uleule. Mkono ukaenda frii, nikafika kwenye kona hakuna kinachonishika, nikakanyaga breki kwa hofu, gari likageuka mara mbili, likasimama kwenye nyasi linatazama nilikotoka. Sikuumia, kweli sikuumia. Mzee Niyonsaba akaja, akachomoa ufunguo. Akasema, "Ukiweka frii tena pale, unarudi kwenye ndoo na sabuni." Halafu akakaa chini kwenye nyasi kando yangu. Akasema kitu ambacho kimenikaa.

"Breki za lori hazikatiki tu kama uzi, Mnyambo. Zinapata moto kwanza. Na zinapata moto kwa sababu zimeachiwa kazi peke yake."

Shangazi, wewe ulikwenda pale siku ile. Mimi hamkuniruhusu. Nakuuliza kitu kimoja tu. Lile lori lilikutwa kwenye gia gani?

Mkono wangu unakataa kunisikiliza. Mchana nauambia ubongo "tatu, tatu, tatu", nikifika pale mkono unalala. Nikijua labda utaamka. Nijibu hilo moja, mengine sikuulizi.

Ainebyona


Mabira, 15 Juni 2024

Mwanangu,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima. Mahindi yamekauka vizuri, kahawa tumeanza kuchuma, naianika mwenyewe maana vibarua mwaka huu wanaringa. Yustus ameoa, mke anaitwa Vero, mcheshi, atamnyoosha.

Barua yako ilifika mwezi wa nne. Haikupotea kwenye kitabu cha nyimbo. Niliiweka kabatini mimi mwenyewe.

Jana ilikuwa tarehe kumi na nne, miaka kumi na moja kamili. Niling'oa majani makaburini peke yangu, nikaketi pale kwenye migomba mpaka jua likanifuata. Kaburi la kaka yangu na kaburi dogo. Mchungaji alikuja akasoma, tukanywa chai, akaondoka.

Umeniandikia barua mbili, kurasa saba. Nilikuwa mwalimu, nina tabia ya kuhesabu. Baba yako umemtaja tena na tena, na lori lake, na maneno yake, na kicheko chake. Mtoto wangu alikuwa ndani ya lori lilelile. Alikuwa na miaka tisa. Mlikula sahani moja na kulala kitanda kimoja tangu mama yako aondoke, watu walidhani nimezaa pacha. Jina lake hujaliandika hata mara moja. Siyo mwaka huu tu. Tangu tumzike sijalisikia kinywani mwako.

Mimi nakuuliza na mimi kitu kimoja tu. Kwa nini?

Mackrine


Nairobi, 7 Julai 2024

Shangazi,

Shikamoo. Huku wazima. Siwezi kuandika habari nyingine, zitaniishia njiani kabla sijafika, acha nianzie hapahapa.

Stephania. Stephania. Stephania. Nimeandika. Kalamu imetoboa karatasi hapo, niwie radhi.

Nitakwambia yote, halafu utaamua kama bado mimi ni mwanao.

Stephania alinionea wivu kwa ajili ya lori. Kila nikirudi na Baba alitaka nimsimulie: ulisukuma tatu? Ikakataa? Ikalia? Basi tukatengeneza gia yetu nyuma ya jiko, kwenye lile shina la mgomba lililokatwa. Nikachomeka mti katikati, nikachora njia za gia kwa kisu, moja mbili tatu nne. Mimi nakuwa Baba. Nakanyaga klachi ya hewa, nasema "tatu!", yeye anasukuma. Nilimfundisha mwezi mzima. Alikuwa mwepesi kuliko mimi, Shangazi, kweli kabisa. Na nilimfundisha frii. Nilimwambia hiyo ndiyo ya madereva wakubwa, ukifika Nyakahita Baba atasema "lala", wewe unarudisha katikati, unaacha lori lishuke lenyewe kama mfalme. Baba alikuwa akiita hivyo, "lala". Mafuta yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa sabuni yetu na madaftari.

Ile Ijumaa ilikuwa zamu yangu kwenda. Siyo yake. Yangu.

Nilimuuzia zamu, Shangazi. Kwa maji. Nilimwambia ukinichotea maji wiki nzima nakupa safari moja. Na mimi nilivyokuwa mjanja, nikamwambia unachota kwanza. Akachota. Jumamosi mpaka Alhamisi, kule bondeni, ndoo yake na ndoo yangu, mimi niko juu ya mpera. Ijumaa asubuhi pipa lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akaja akaniamsha: "Nimemaliza." Nikamwambia Baba tumbo linaniuma, mchukue Stephania, anajua gia zote. Baba akamuuliza, "Kweli unajua?" Akasema, "Hata lala najua."

Nikawapungia mkono.

Na msiba ulipokuja, watu wakaoga na kupika kwa maji yale. Lile pipa, Shangazi. Wanawake walikuwa wanachota wanasema, afadhali nyumba hii ina maji. Mimi sikunywa. Siku tatu sikunywa maji, mkadhani ni huzuni, mkanipeleka zahanati.

Ndiyo maana siliandiki jina lake. Nilifikiri nikilitaja tu utajua. Utajua aliyetakiwa kufa ni nani.

Sasa umejua. Swali langu la gia silirudii. Sina haki ya kuuliza chochote.

Ainebyona


Mabira, 30 Julai 2024

Mwanangu Ainebyona,

Wewe ni mwanangu. Naanza na hilo ili usome yanayofuata ukiwa umekaa.

Barua yako niliisoma nikiwa naanika kahawa. Mvua ikanyesha juu ya kahawa na mimi nipo. Anatolia ndiye aliyekuja kukusanya, akinigombeza kwa Kinyambo mpaka aliponiona uso.

Maji yale niliyaona. Nilidhani mtoto wangu amepata akili ghafla. Siku ya Alhamisi nilimsifu mbele ya majirani, nikasema, tazameni Stephania wangu, amejaza pipa bila kuagizwa. Akacheka akaficha uso. Hakukutaja. Basi nimekuwa nikiikumbuka ile wiki kama wiki ambayo mtoto wangu alikuwa mwema, na nimejiuliza miaka yote kama alihisi anakufa, maana watu husema hivyo. Kumbe alikuwa na safari. Alikuwa na furaha yake. Hujui umenipa nini.

Sasa nami nikwambie langu. Ulikuwa mtoto, sasa si mtoto.

Aliyeletwa kulivuta lori ni fundi mmoja wa Nkwenda, Bigirimana. Alishafariki. Aliingia ndani kabla ya mimi kufika. Akanivuta kando, akasema, "Mwalimu, nisamehe. Gia ilikuwa frii. Na mkono wa binti ulikuwa bado umekamata kirungu, nimeutoa kidole kimoja kimoja." Nikamwomba asimwambie mtu yeyote, hata askari. Hakumwambia. Mimi ndiye niliyesema breki zilikatika, kila mtu akakubali.

Sikusema kwa kumlinda kaka yangu. Nilimlinda Stephania. Kwako wewe. Nilikutazama umelala peke yako kwenye kile kitanda, nikasema, huyu akijua kwamba mkono wa binti yangu ndio uliomuua baba yake, atamchukia marehemu, na mimi nitamlea akinichukia. Basi nimeomba toba kwa niaba yake kila Jumapili, miaka kumi na moja, kwa kitu ambacho sikukitaja hata kwa Mungu vizuri. Na Nyakahita nashuka kwa miguu kwa sababu ndani ya chombo naona mkono ule.

Swali lako nimelijibu. Sasa usiendeshe tena mpaka mkono wako utulie. Au uache kabisa. Ningependa uache. Nimeshasema.

Shangazi yako, Mackrine


Nairobi, 25 Agosti 2024

Shangazi wangu,

Shikamoo. Niko mzima, mikono yote miwili, miguu yote miwili. Jana ilikuwa siku yenyewe. Nitakwambia, lakini ngoja kwanza.

Barua yako niliisoma mara nne, halafu nikampelekea Mzee Niyonsaba. Usikasirike. Sikuwa na mtu mwingine anayejua malori. Nilimsomea tukiwa tumekaa juu ya tairi. Akaniuliza lori lilibeba nini. Nikasema ndizi na magunia ya kahawa, limejaa. Akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema:

"Lori limejaa, limeshuka frii kipande kirefu namna hiyo, breki zimeshaungua. Pale mwendo umeshapita kiasi. Gia ya tatu haiingii. Hata mimi na mkono wangu huu haiingii, hata umlete mcheza mieleka. Huyo mtoto hakushindwa. Alikuwa bado anajaribu."

Halafu akanipeleka kwenye gari letu, injini inanguruma, akasema liondoe polepole, halafu toa gia bila kukanyaga klachi. Nikavuta. Gia imeng'ang'ania, inalia tu. Akasema, "Unaona? Mkono peke yake hauweki frii. Klachi ilikuwa chini ya mguu wa nani?"

Shangazi, nilizima injini.

Mguu ulikuwa wa Baba. Mdomo uliosema "lala" ulikuwa wa Baba. Alikuwa mtu mzima, dereva kwa miaka ishirini, akampa mtoto wa miaka tisa mteremko wa Nyakahita, kwa ajili ya mafuta ya madaftari yangu. Nimemkasirikia mpaka nimepiga ukuta, Costansia akagonga mlango. Na wakati huohuo nakisikia kicheko chake. Sijui nifanye nini na vitu viwili hivi, vimekaa kiti kimoja. Lakini wewe toba yako ya Jumapili iache. Stephania hakuua mtu.

Sasa jana. Celestin alitangulia. Raundi zake zote kama zimekatwa kwa panga moja, dakika moja na sekunde kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne. Nikaingia mimi. Raundi ya kwanza, nimetoka kona ya nne, mteremko ukafunguka, mkono ukatoka nne ukafika katikati. Na nikasema kwa sauti, ndani ya helmeti, "Tatu, Stephania."

Ikaingia.

Injini ikapiga kelele, gari likajishika lenyewe, nikaipita kona. Raundi ya pili, "Tatu, Stephania." Ya tatu. Ya nne. Mara kumi, Shangazi, nimemwita mara kumi, na mara kumi imeingia. Sikuona vizuri raundi tatu za mwisho, kioo cha helmeti kilikuwa na ukungu kwa ndani. Utajua ni kwa nini.

Nimekosa kiti. Wastani wangu umezidi wake kwa sekunde ambayo haikutimia hata moja. Nilivunja mwendo mapema mno pale chini, kila raundi, kidogo tu. Mzee anasema mkono umepona ila mguu bado unaogopa. Celestin amenipa mkono, nami nikampa, ni mtu mzuri, nimemchukia mpaka jioni tu. Nitabaki kama fundi wake msimu huu, halafu mwakani watachagua tena.

Nimelia, lakini siyo kwa ajili ya kiti peke yake. Nilikuwa nafikiri nikilishika gari pale, kitu kitarudi. Nilisimamisha gari, nikavua helmeti, na kulikuwa kimya, na wale wawili bado wamekufa.

Umesema ungependa niache. Siachi, Shangazi. Nisamehe kwa hilo pia.

Mwanao Ainebyona


Mabira, 17 Novemba 2024

Mwanangu Ainebyona,

Marahaba. Pole kwa kiti. Senene wameanguka mwaka huu mpaka watu wanashona mapazia kuwa mifuko ya kukusanyia hao panzi. Nimekukaangia makopo mawili, moja lako, moja la Mzee Niyonsaba. Mwambie yeye ni mtu wa Kanoni sasa, hata kama tulimnywesha maji machafu alipokuwa akichuma kahawa yetu. Mnyauko haujafika kwetu. Mke wa Yustus ni mjamzito.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na jambo la kufanya kwanza, na nililiogopa wiki nyingi.

Alhamisi nilimwita Yustus. Nikavaa viatu vya kanisani. Tulipofika juu ya Nyakahita akasimamisha, akanyoosha mkono apokee kikapu kama kawaida. Nikabaki nimekaa.

"Mwalimu, tumefika pako."

"Shuka na mimi."

Alinigeukia, nikaona ameogopa kuliko mimi. Kisha nikasikia amezima injini, anataka tuserereke. Nikampiga begani. "Washa. Usiweke frii. Gia ya pili mpaka chini."

"Lakini Mwalimu, mafuta..."

"Mafuta ni yako, shingo ni yangu. Washa."

Akawasha. Pikipiki ikawa inalia njia nzima kama inaonewa. Tulipita lile korongo lori lilikoangukia. Kuna mtu amepanda maharage pale, mwanangu. Maharage tu, yana maua. Nilidhani kutakuwa na kitu.

Chini Yustus alisimama, akangoja niteremke. Sikuweza. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umekamata jaketi lake, ngumi, haukubali kuachia. Nikautoa mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Ilichukua muda. Nikamlia binti yangu pale barabarani, bila kumwombea toba, nikamlia tu, kama mtu anavyomlilia mtoto.

Halafu nikamwambia Yustus turudi juu.

Tulipanda na kushuka mara tatu. Mara ya tatu wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama na majembe yao, mmoja akapaza sauti, "Mwalimu Mackrine! Mnakwenda wapi nyie?"

Nikamjibu hatuendi popote.

Shangazi yako, Mackrine